Baba alimtania mama mkwe wake, tukaishia kwenye CT scan ya ubongo

Wakuu, heshima kwenu. Wa kupewa shikamoo nawapa shikamoo, rika langu mambo vipi, na nyie mnaosoma kimyakimya bila hata ku-like nawaona pia.

Nimepita kwenye uzi wa juzi wa yule mwenzetu anayelalamika kwamba baba yake amezeeka vibaya, amekuwa mkorofi, anatukana watu ovyo, na familia imeamua kumsusa. Nimesoma comments zote. Nusu mmemwambia aombe, nusu mmemwambia amrudishe mzee kijijini akapoe. Mimi nilinyamaza kwa sababu ningejibu pale ningeandika gazeti.

Sasa gazeti lenyewe ndilo hili.

Ninayoandika yalitokea nyumbani kwetu, kwa macho yangu. Majina tu nimebadilisha, maana mjomba wangu yuko hai na siku hizi wajukuu wamemnunulia simu janja.

Turudi miaka ya tisini, Dodoma.

Wenye umri wangu mnakumbuka. Mashirika ya umma yanauzwa, watu wanapunguzwa kazini kila mwezi, lakini madukani kumejaa vitu ambavyo miaka michache nyuma tulikuwa tunavipangia foleni. Mimi nilikuwa fundi wa breki za malori kwenye gereji moja pale Kizota. Nyumbani kwetu ni Ipagala, enzi hizo Ipagala mashamba mengi kuliko nyumba.

Baba yangu tumwite Mzee Ndahani. Mgogo, Mwanglikana, karani wa ghala la nafaka kwenye shirika moja la umma. Mtu wa utaratibu mpaka anakera. Shati ndani ya suruali hata siku ya kufagia banda la mbuzi. Anaongea maneno machache, na hayo machache ameyapima kama magunia yake.

Kwa mama mkwe wake ndiyo usiseme. Kwa mila zetu mkwe wa kiume hakai karibu na mama mkwe, hali chakula mbele yake, na hamtazami usoni. Bibi yangu mzaa mama akija kutoka Bahi na mchele wake, baba anatokea mlango wa nyuma. Ikibidi kuongea anaongea kupitia mimi. "Daudi, mwambie bibi yako karibu chai." Bibi yuko hatua tatu, anasikia kila kitu, lakini anasubiri mimi nimwambie.

Nilikuwa redio yao ya mawasiliano toka nina miaka sita.

Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyekuwa anamfungua baba mdomo, naye ni Mzee Jumanne, fundi baiskeli wa mjini. Mnyamwezi, Mwislamu, babu zake walikuja Dodoma na misafara ya zamani wakaishia hapo hapo. Sasa Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Kwa wasiojua, utani si mzaha wa kawaida. Mtani wako anaweza kukuambia neno ambalo ndugu yako wa damu akilisema mnapigana, na huruhusiwi kununa.

Baba alikuwa anamwita mpagazi. Jumanne alikuwa anamwita muuza maji, eti babu zetu Wagogo waliwatoza babu zake hongo ili wanywe kisimani. Kila Jumamosi asubuhi walikuwa wanachambana pale kwenye kibanda cha baiskeli mpaka watu wanasimama kusikiliza. Halafu baba anarudi nyumbani, anachomekea shati vizuri, anakuwa bubu tena hadi Jumamosi nyingine.

Huyo ndiye baba yangu, mshikeni hapo.

Baba akapunguzwa kazini. Mwaka mmoja baadaye mambo yakaanza kubadilika, na kila lililobadilika sisi tulikuwa na maelezo yake.

Alianza kula sukari. Siyo chai yenye sukari, wakuu. Sukari yenyewe. Anamimina kiganjani analamba, anatembea na biskuti mfukoni, anaficha soda chini ya kitanda. Tukasema mzee analipiza kisasi cha miaka ya foleni, hizi si ndizo zama za ruksa, mwacheni ale.

Akawa hafanyi kitu. Anakaa kwenye ngazi ya mlango tangu chai hadi mchana. Banda la mbuzi limebomoka, anapita juu yake. Tukasema ni uchungu wa kupunguzwa.

Siku moja kanisani, katikati ya mahubiri, akasimama akasema kwa upole kabisa, "Mchungaji, tumeelewa," akatoka zake nje. Hapo hatukusema chochote, kwa sababu nusu ya kanisa tulikuwa na maoni hayo hayo.

Halafu akaanza kutania watu. Muuza maziwa, mwalimu, balozi wa nyumba kumi, wote. Anamwambia mtu mnene kuwa mnene, anamwambia mjane kuwa mumewe alikufa ili apumzike. Na sisi tunacheka. Mimi mwenyewe nilicheka. Tulisema mzee amestaafu, ameamua kuufanya mji mzima kuwa mtani wake. Majirani wakamzoea, wakawa wanakuja kumchokoza makusudi.

Hili ndilo kosa letu kubwa na nadhani ni Dodoma tu lingeweza kutokea. Mahali pengine mzee akianza kutukana watu wanashtuka. Sisi tulikuwa na kabati la kumwekea, limeandikwa utani.

Kabati likaja kuvunjika siku ile bibi alipokuja.

Ilikuwa baada ya mavuno ya mpunga. Bibi ameingia uani na mjomba Elia, kaka yake mama, amebeba kiroba. Baba yuko kwenye ngazi yake. Hakuinuka kukimbilia mlango wa nyuma. Akamtazama bibi kuanzia miguuni, akapanda taratibu mpaka usoni, akasema, "Mama mkwe, umezeeka, lakini kiuno bado kipo."

Wakuu, naandika haya mnacheka. Naomba mjue siku ile hakuna aliyecheka.

Bibi alijifunika khanga kichwa kizima, akageuka, akatoka getini bila hata kunywa maji. Mama alibaki na sufuria mkononi. Mjomba akaweka kiroba chini polepole, nikajua kinachofuata si kizuri, nikasimama katikati.

Baba akaniuliza kama huo mchele ni wa Bahi.

Wazee wa upande wa mama wakataka baba aende Bahi na mbuzi, akaombe radhi mbele ya ukoo. Tukamvalisha koti, tukaenda. Wazee wakaongea kwa masikitiko kama saa nzima. Zamu yake ilipofika, alisema tu kwamba mbuzi huyo ni mzuri na inafaa achinjwe sasa hivi maana ana njaa. Hakuonyesha aibu hata kidogo. Ni kama tulikuwa tunamwongelea mtu mwingine.

Mama alilia njia nzima ya kurudi. Si kilio cha sauti. Machozi tu yanatoka, yeye anatazama dirishani.

Siku ya tatu akatoa sanduku lake la bati chini ya kitanda, lile alilokuja nalo akiwa mwali, akaanza kupanga nguo. Aliniambia amevumilia ukimya wa baba miaka yote kwa sababu ndani yake kulikuwa na heshima, na sasa heshima imeondoka, kilichobaki ni mdomo. Alisema hawezi kuishi na mtu aliyemvua nguo mama yake hadharani na wala haoni.

Mjomba akatangaza kikao cha ukoo. Mama arudi Bahi, baba abaki na sukari yake.

Na mimi? Mimi kifungua mimba niliyepaswa kuwa na busara, nilifanya jambo ambalo hadi leo linanichoma. Tangu siku ile ya bibi niliacha kumpa baba shikamoo. Miezi mitatu nampita pale kwenye ngazi asubuhi kama napita gunia. Nilitaka ajue kwamba nimemdharau. Hakujua, na hilo nalo lilinipa hasira zaidi.

Aliyetutoa gizani ni Mzee Jumanne.

Alinifuata mwenyewe Kizota, nikiwa chini ya lori. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye tairi. Nikategemea mzaha, maana na mimi ni mtani wake. Hakutania.

"Daudi, baba yako mgonjwa," akasema. "Hanitanii tena."

Nikamwambia mzee, mbona sasa hivi anatania mji mzima. Akatikisa kichwa. Akanieleza kitu ambacho nilikuwa nimekiona maisha yangu yote bila kukijua.

"Utani una zamu. Mimi natupa, nanyamaza, namwangalia usoni kama limempata. Halafu yeye anatupa. Baba yako siku hizi anatupa tu mfululizo, hangoji, hanitazami. Nikimtupia mimi, hadaki. Juzi nimemwambia mke wangu kalazwa, akacheka. Mtani hacheki hapo. Mtani analia kwanza."

Akainuka akapanguza suruali. Akasema mpeleke hospitali, si ya kichwa kuuma, ya kichwa chenyewe.

Sasa Dodoma tuna hospitali moja ya wagonjwa wa akili ambayo nchi nzima mnatutania nayo, jina silitaji. Kumpeleka mzazi wako pale, enzi hizo, ilikuwa sawa na kubandika tangazo sokoni. Nilimpeleka. Mama akakubali kuja, nadhani alitaka tu kupata maelezo ya kuondoka nayo.

Tukamkuta daktari kijana, mpole, ana kalamu mbili mfukoni na zote hazina wino. Akamuuliza baba tarehe, siku, jina la rais. Akamtajia maneno matatu ayakumbuke. Akamwambia atoe saba kwenye mia, aendelee kutoa saba.

Baba alipata yote. Tena akaongeza idadi ya magunia yaliyokuwa ghala namba nne mwaka wa mwisho wa kazi, na mangapi yaliliwa na panya.

Nikaona tumekwisha. Habari zilipomfikia mjomba, akasema si mnaona, kumbukumbu kali hivyo, huyo ni mzima, ni jeuri tu.

Lakini yule daktari hakusherehekea. Alimtoa baba nje, akamuuliza mama maswali ya ajabu. Zamani alikuwa mtu wa namna gani? Bado anajali mtu akiumwa? Anarudia rudia jambo lile lile? Halafu akauliza kama siku hizi mzee anapenda sana vitu vitamu.

Mama alinigeukia kama vile daktari amechungulia kabatini kwetu.

Akatuelewesha polepole. Kuna magonjwa ya kupungukiwa akili uzeeni, kwa jumla wanayaita dementia. Watu wanadhani yote yanaanza kwa kusahau. Yapo yanayoanza na tabia. Kumbukumbu inabaki nzima, ila ile sehemu ya mbele ya ubongo inayomwambia mtu "hapo usiseme" inaanza kufa. Akataka vipimo vya damu kwanza, kikiwemo cha kaswende, na mama aliposikia kaswende alimtazama baba jicho ambalo sitalisahau. Majibu yalikuwa safi, tulieni.

Kisha akasema angependa apate picha ya ubongo, CT scan. Ingeonyesha kama kuna uvimbe, au damu imevilia, au sehemu ya mbele imesinyaa. Akaonya kwamba picha peke yake haitoshi kusema mtu ana ugonjwa gani. Inasaidia kupima kile ambacho familia imeeleza.

Mashine hiyo Dodoma hatukuwa nayo. Ni Dar.

Mjomba alipopelekewa habari akasema neno moja ambalo lilikuwa kama hukumu ya mahakama. Kikao kisogezwe wiki mbili. Kama ni ugonjwa, ileteni hiyo picha tuione. Hakuna picha, dada yangu anaondoka na sanduku lake.

Ng'ombe wawili wakaenda mnadani, sitaki kuingia huko. Mzee Jumanne akajitolea kusindikiza, akisema Wagogo wawili Dar bila mwangalizi mtapotea.

Safari ya basi sitawasimulia yote kwa heshima ya abiria. Itoshe kusema kwamba kabla ya Morogoro baba alikuwa ameshakunywa soda ya mama wa kiti cha jirani, akamwambia asante na kwamba ana pua kubwa. Jumanne alikuwa anapita nyuma yake kuomba radhi kwa kila mtu, kama mtu anayefunga milango iliyoachwa wazi.

Hospitalini, shida ikawa kutulia. Mtaalamu wa mashine anamwambia lala, usitikise kichwa. Baba analala, anainuka, anauliza kama hili tanuri linaoka mikate. Mara ya tatu yule mtaalamu akasema ndugu mmoja aingie asimame naye, avalishwe aproni ya kuzuia mionzi. Ni nzito hiyo, ina madini ya risasi ndani.

Nikanyoosha mkono. Jumanne akaniwahi. Akavalishwa, magoti yakapinda kidogo, akasema, "Babu zangu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Na mimi nimefika pwani, nimebebeshwa."

Akasimama pale miguuni, amemshika baba kifundo cha mguu, akawa anamchamba kwa sauti ya chini mfululizo, muuza maji we, kichwa kama kibuyu we. Baba akatulia akimsikiliza. Mashine ikazunguka, ikamaliza.

Nje ya ule mlango nilikuwa nafanya maombi ambayo sijawahi kumwambia mtu, nawaambia nyie msionijua. Nilikuwa namwomba Mungu baba yangu akutwe mgonjwa. Kwa sababu kama picha ingekuwa safi, basi yale yote alikuwa ameyakusudia, na mimi sikuwa na nguvu ya kuwa mtoto wa mtu huyo.

Tukarudi Dodoma na bahasha kubwa ya kaki. Daktari akabandika filamu kwenye kile kisanduku chao cha taa. Vipande vya ubongo, vimepangwa kwa mistari. Mimi nimezoea kuona vyuma vilivyofunguliwa, lakini kumwona baba yangu amekatwa vipande namna ile, niligeuza macho kwanza.

Hakukuwa na uvimbe wala damu. Akatuonyesha kwa ncha ya kalamu yake isiyo na wino. Huku nyuma ubongo umejaa vizuri. Huku mbele umesinyaa, umeachana na mfupa, na weusi huu ni maji yaliyoingia kwenye nafasi iliyobaki wazi. Akasema picha inakubaliana na yale mliyonieleza. Dawa ya kurudisha hakuna. Ataendelea hivi, kisha maneno yenyewe yatapungua, kisha atahitaji kulishwa.

Nikamuuliza kwa lugha yangu, yaani injini ni nzima, breki ndizo zimekwisha? Akafikiri, akasema kwa sasa unaweza kusema hivyo.

Mama aliuliza swali moja. "Kwa hiyo alivyomwambia mama yangu vile, alimaanisha?"

Daktari akasema hilo mashine haipigi picha.

Siku ile tulivyofika nyumbani, baba yuko kwenye ngazi yake. Nikasimama mbele yake. Nikasema shikamoo baba. Akaniangalia, akasema, "Marahaba, mpumbavu wewe," akaendelea kulamba kiganja. Nikaenda nyuma ya banda la mbuzi nikalia kama mtoto.

Kikao kikafika, Jumapili mchana, sebuleni kwetu. Mjomba na wazee wa Bahi upande mmoja, sisi upande mwingine, Jumanne katikati kwa sababu mtani hana upande. Bibi yuko chumba cha pili nyuma ya pazia, kwa kuwa hawezi kukaa na mkwe. Sanduku la bati lipo mlangoni, limefungwa kamba. Baba tumemwacha nje na biskuti.

Nikatoa filamu. Mjomba akaipokea, akaiinua dirishani, kichwa chini miguu juu. Ikapita mkono kwa mkono. Mzee mmoja akauliza tusi liko wapi hapa. Mwingine akasema ubongo wa Ndahani una mikunjo kama wa mbuzi, tena amewahi kuula. Nikaeleza kama nilivyoelezwa. Wanasikiliza, lakini macho yao yananiambia kijana, umekwenda Dar ukanunua karatasi nyeusi.

Nikahisi tunashindwa. Mama ameinamisha kichwa.

Filamu ikamfikia Mzee Jumanne. Akavaa miwani. Akaitazama kipande kwa kipande. Kisha akaishusha.

"Miaka arobaini," akasema, "nawaambia watu huyu Mgogo kichwani mna nafasi wazi. Hakuna aliyeniamini. Leo nimeletewa picha."

Akaiweka filamu mezani.

Halafu kicheko kikatoka nyuma ya pazia. Bibi. Bibi alicheka mpaka akaanza kukohoa, na wazee nao wakaachia, na mjomba alijitahidi kukaza uso lakini mabega yalimsaliti. Katikati ya kicheko hicho nikamwona Jumanne amevua miwani, anafuta macho, na haikuwa kwa kucheka.

Sikumbuki mjomba alisema nini rasmi. Nakumbuka bibi akiongea nyuma ya pazia kwamba yeye amekwisha kuponywa, mbuzi alishaliwa, suala limeisha. Lililobaki ni la binti yake.

Wote tukamtazama mama. Akasema maneno yake taratibu, naweza kuyarudia hadi leo.

"Mke anasamehe akiombwa. Huyu hana tena akili ya kuniomba msamaha. Nikikaa kama mke nitakufa kwa uchungu. Lakini mtani haombwi msamaha. Nitakaa kama mtani wake."

Mjomba akasema haiwezekani, nyie wote Wagogo, hakuna utani hapo, mila hairuhusu. Jumanne akasema mila ni yake pia, na yeye anamkaimisha mama nafasi yake ya utani.

Kabla hawajaanza kubishana, baba akaingia, mdomo umejaa unga wa biskuti. Hakuona wazee wala filamu yake mwenyewe iliyokuwa mezani. Aliona sanduku. "Unakwenda wapi na sanduku," akamuuliza mama, "umeiba?"

Mama akavuta pumzi. Mwanamke huyu hakuwahi kumjibu mumewe vibaya maisha yake yote, nawaapia.

"Niibe nini kwako," akasema, "hata kichwa chenyewe wamekuta maji."

Baba akasimama. Akamwangalia mama usoni, kwa muda mrefu, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Kisha akacheka. Kile kicheko cha Jumamosi, cha kibanda cha baiskeli, ambacho mama alikuwa hajawahi kuchekewa hata siku moja. Akalibeba sanduku akalirudisha chumbani.

Aliishi miaka sita tangu siku ile.

Sitawadanganya, haikuwa komedi. Kuna nguo za kufua, kuna kumkimbiza barabarani, kuna siku mama alikaa jikoni akasema amechoka na nikajua amechoka kweli. Lakini alimchamba kwa maneno kila asubuhi akimwogesha, na yeye alichamba mpaka maneno yalipomwishia. Mwishoni alikuwa na neno moja tu, mpagazi, analomwita kila mtu. Hata hilo likaondoka. Mama aliendelea. Anatupa, ananyamaza, anamtazama usoni. Wakati mwingine mdomo wa baba ulicheza kidogo. Mama alisema hapo amedaka.

Siku ya mazishi, jeneza likiwa ukingoni, Mzee Jumanne akaingia kaburini akalala chali, kama watani wanavyofanya, akisema hatoki, yeye ndiye anastahili kupumzika kwanza. Watu wakacheka wakilia. Akatolewa.

Ndipo mama akasogea mbele. Wazee wakaguna, mjane hafanyi hivyo. Akainama karibu na jeneza akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndahani, umeninyima maneno miaka thelathini, halafu ukanimwagia yote kwa mara moja. Mjinga wewe."

Akanyamaza. Akabaki amesimama pale, analitazama jeneza.

Tulielewa wote anachofanya. Alikuwa anangoja zamu.

Mchungaji ameshika kitabu, hawezi kuendelea. Nilitamani ardhi ifunguke mahali pengine zaidi ya pale ilipokuwa imefunguka.

Mzee Jumanne, udongo umemjaa mgongoni, akaja akasimama kando ya mama. Akasema, "Amekusikia. Anasema na wewe umezeeka, lakini kiuno bado kipo."

Mama alicheka, wakuu. Alicheka akamwegemea mjomba Elia, na mjomba akamshika.

Basi. Mimi si daktari, ni fundi breki mstaafu. Nilichojifunza ni kwamba ile picha haikumponya baba hata siku moja. Ilitusaidia tu kujua tunaishi na nani, na bila ile karatasi nyeusi mama yangu angekuwa Bahi na hasira, baba angekufa kwenye ile ngazi, na mimi ningekuwa bado simpi shikamoo.

Kwa hiyo mwenzetu wa uzi wa juzi, kabla hujamsusa mzee, jiulize alikuwa mtu wa namna gani zamani. Kama aliyepo siku hizi humfahamu, tafuta daktari. Siku hizi mashine zimesogea, huhitaji kunywa soda ya mtu njiani.

Na nyie wengine niambieni, mzee wenu alipoanza kubadilika mlisingizia nini? Sisi tulisingizia utani. Wanyamwezi mkija huku kunichamba karibuni, ila mjue zamu.